Aliyekaa Dirishani Kila Asubuhi

Wapendwa, zifungeni Biblia zenu kidogo, tutazifungua tena baadaye. Nataka niwatoe humu ndani niwapeleke stendi ya mabasi.

Katika stendi moja kubwa alikuwapo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa. Msicheke, ni kazi. Ninyi mnaosafiri kwenda mikoani mnaijua tabia yetu: tukikuta basi tupu tunalipita, tunasema hili litatuchelewesha. Tukiona vichwa vichwa ndani tunakimbilia, tusije tukakosa siti. Sasa tajiri mwenye mabasi naye si mjinga. Asubuhi anawaita watu kadhaa, anawapa hela ya chai, anawapandisha wakae kama abiria. Huyu begi mapajani, yule anapiga miayo, mwingine anauliza kwa hasira, "Hili gari linaondoka saa ngapi?" Wewe mgeni ukiona hivyo, unapanda. Abiria wa kweli wakizidi, hao wa chai wanateremka mmoja mmoja. Wa mwisho anashukia getini, gari likishaanza kutembea.

Huyo wa mwisho ndiye mtu wetu. Walimwita Dirishani, kwa sababu siti yake ilikuwa moja siku zote, ya dirishani, nyuma ya dereva. Alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa na begi lililojaa magazeti makuukuu na uso wa mtu anayewahi msiba. Na maneno alikuwa nayo. Akiwa pale dirishani aliwaita wapita njia: "Mama, panda, mimi mwenyewe nimechoka kusubiri, tunaondoka sasa hivi." Wengi walifika kwao kwa sababu ya mdomo wake.

Sasa nisikilizeni hapa. Basi alilokuwa akilijaza lilikuwa linakwenda kwao, alikozaliwa. Mama yake mzazi alikuwa akiuza ndizi za kuchoma kando ya barabara ile ile, na basi lile lilimpita kila siku alasiri. Mwenyewe alishamweleza mama yake kwa simu, "Kila asubuhi nakaa kwenye hilo basi, dirishani, nyuma ya dereva." Kila mwisho wa mwezi alimpa konda mzigo ampelekee: sukari, sabuni, mara nyingine doti ya khanga. Konda aliushusha, na akirudi mjini alirudi na salamu.

"Mama anauliza utakuja lini."

"Mwambie Krismasi."

Krismasi zilikuja, Krismasi zikapita. Mtu huyu alipanda basi la kwenda kwao kila asubuhi kwa miaka, na kila asubuhi alishukia getini. Mizigo ilifika. Yeye hakufika.

Halafu likaja lile gonjwa. Mnalikumbuka, sina haja ya kulitaja jina. Stendi iliyokuwa haina pa kukanyaga ikatulia hata mtu akasikia viatu vyake mwenyewe. Wenye mabasi wakahangaika, kila mmoja na lake. Huyu aling'oa viti akabeba viazi, yule akakodisha gari lake kuwapeleka wauguzi kazini, mwingine akaegesha mpaka nyasi zikaota kwenye magurudumu. Walioendelea kubeba abiria waliwekewa masharti: ndoo ya maji na sabuni mlangoni, barakoa usoni, kipima joto kwenye paji la uso. Na katika kila siti mbili akae mtu mmoja, ile nyingine ibandikwe mkanda mwekundu.

Dirishani akajua kazi imekwisha. Nani atamlipa mtu alijaze gari, wakati watu wanalikimbia gari lililojaa? Lakini akili ya tajiri haikulala. Aliona kwamba sasa watu wanachungulia kwanza. Wakikuta abiria wamebanana wanaondoka, na wakikuta hamna mtu kabisa wanaingiwa na hofu, wanajiuliza wenzao wameogopa nini. Akamwita Dirishani.

"Rudi kwenye siti yako," akamwambia. "Ila sasa uvae barakoa vizuri, ukae peke yako. Mtu akichungulia aone kwamba hapa tunafuata sheria."

Ndugu zangu, binadamu tuna mambo. Jana alilipwa akae ili basi lionekane limejaa. Leo analipwa akae ili basi lionekane lina nafasi. Siti ni ile ile, dirisha ni lile lile, na safari hakuna.

Basi, mchana mmoja serikali ya nchi ile ikatangaza kwamba barabara za kutoka mjini zinafungwa, na mabasi ya mwisho yataondoka kesho yake asubuhi. Stendi ikafurika. Katika kelele zote, sauti ya Dirishani ndiyo iliyosikika zaidi. "Kateni tiketi leo. Kesho msije mkasema hamkuambiwa." Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alikuwa anasitasita, anasema ataangalia kesho. Dirishani akateremka, akamfuata. "Dada yangu, kesho hakuna cha kuangalia. Kata sasa." Yule mama akakata.

Jua linazama, simu ya Dirishani ikaita. Alikuwa jirani wa kule nyumbani. "Mama yako amelala, hawezi kuinuka. Si gonjwa hili, ni moyo. Anakutaja wewe tu. Njoo."

Dirishani alilia palepale stendi, hakuona aibu. "Mwambie kesho nakuja," akajibu. "Mwambie nipo kwenye basi lile lile."

Msidhani alikosa nauli. Nauli ilikuwa mfukoni, na dirisha la tiketi lilikuwa bado wazi, karibu kabisa na aliposimama. Lakini wazo la tiketi halikumjia. Akate tiketi ya nini, na siti anayo? Dereva anamjua. Konda anamjua. Hata askari wa getini anamjua. Miaka yote hiyo, ni nani aliyewahi kumdai tiketi?

Asubuhi akawahi, akakaa dirishani. Begi lake safari hii lilikuwa na nguo. Hakubeba mzigo wa mama, kwa sababu mzigo ulikuwa yeye mwenyewe.

Abiria wakanawa, wakapimwa, wakaingia. Yule mama mwenye mtoto naye akaingia. Akasoma tiketi yake, akasoma namba iliyoandikwa juu ya dirisha.

"Samahani kaka, hapa ni pangu."

Konda akacheka. "Haya, Dirishani, teremka. Kazi imekwisha."

"Leo nasafiri," akasema. "Mama anaumwa. Nauli hii hapa."

Konda akaacha kucheka. Siku nyingine angemweka juu ya boneti, pale kando ya dereva, angemsimamisha mlangoni, mambo yangekwenda. Lakini askari alikuwa ameshapanda kuhesabu vichwa, na kila siti isiyo na mkanda ilikuwa na mwenyewe.

"Ndugu yangu," konda akamwambia taratibu, "jana si ulikuwa hapa hapa? Wewe ndiye uliyekuwa unawaambia watu wakate."

"Ni kweli," akasema yule mama. "Isingekuwa huyu kaka, mimi ningekosa." Maskini, alisema kumshukuru. Hakujua anamchoma.

Dirishani akainuka. Basi likaanza kutembea, naye akashukia getini, pale pale alipozoea kushukia. Alisimama na simu mkononi, akashindwa kupiga.

Barabara zilifunguliwa mvua zilipokwisha. Siku hiyo Dirishani alikuwa mtu wa kwanza kwenye dirisha la tiketi. Alifika kwao akakuta kaburi limeshaota majani. Jirani akampa kiti, akampa maji, kisha akamwambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niwalete stendi.

"Mama yako alikuwa na tabia moja," jirani akasema. "Kila siku basi lile likija, alikuwa anaziacha ndizi zake ziungue, anasimama barabarani analipungia mkono mpaka linapotea kwenye kona. Tulikuwa tunamwambia, mama, hamna mtu wako humo. Anasema, najua, lakini asubuhi alikuwa amekaa pale dirishani."

Dirishani akageuka kuitazama ile kona.

"Siku ya basi la mwisho tulimtoa nje na kiti, maana ulisema unakuja. Likapita. Pale kwenye dirisha lako alikuwa amekaa mwanamke mmoja mwenye mtoto. Mama yako akapunga mkono. Yule mwanamke naye akampungia."

Wapendwa, tuiache stendi, turudi humu.

Sisi ndio tuliobandika mikanda kwenye mabenchi haya, mnakumbuka? Tukakaa mbali mbali, tukanawa, tukapongezana kwamba kanisa letu linafuata utaratibu. Mikanda imebanduka, siti tunazo bado. Kuna wengine humu mgeni akikalia benchi letu tunanuna mpaka neno la mwisho. Na mizigo tunapeleka, siwezi kuwasingizia. Sadaka inakwenda, mchango wa jengo unakwenda, mchele wa wajane unakwenda. Mizigo inafika. Sisi wenyewe tumefika wapi?

Yupo mtu hapa ambaye Mungu amemwambia akapatane na ndugu yake tangu mwaka juzi. Kila Jumapili anapanda, anakaa, anaimba vizuri kuliko wote. Ikifika baraka, anashukia getini. Jumapili ijayo atapanda tena. Na sisi tunaoshika kipaza sauti ndio tuogope zaidi, kwa sababu kazi yetu ni kuwaita wengine wapande. Mnaweza kufika mbinguni kwa mdomo wangu, mimi nikabaki getini nawatazama. Kujulikana na konda si tiketi. Kumjua mchungaji, kujua nyimbo, kujua wakati wa kusimama na wakati wa kukaa, yote hayo Dirishani alikuwa nayo.

Tumezoea kusema Mungu anatungoja mwisho wa safari. Mimi naona anatungoja barabarani, ameziacha ndizi zake zinaungua. Kila siku basi linapita, anatazama dirisha lile lile, anapunga mkono. Ninyi mnaomfahamu, hivi mnadhani atachoka kupunga? Hachoki. Lakini nani anampungia kutoka kwenye siti yako?

Sitaki mtu aje mbele, na sitaki mikono iinuliwe. Dirisha la tiketi bado liko wazi asubuhi hii. Tukae kimya pale pale tulipokaa, na kila mmoja wetu ajiulize, leo mimi nasafiri, au nimekuja kukaa?