Chaki ya Afisa Kihwele

Afisa elimu Kihwele alifika kwenye kikao cha wazazi akiwa amekunja uso, akajitambulisha kwa majivuno kuwa ni msomi wa hisabati wa chuo kikuu. Kisha akamgeukia Mwalimu Chiku.

"Wewe cheti chako ni cha historia, lakini unafundisha hisabati kidato cha nne. Kuanzia leo, basi!"

Wazazi waliguna. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, na watoto wao ndiyo kwanza wameanza kuelewa.

"Sawa, mheshimiwa," Chiku alijibu kwa unyenyekevu. "Ila nikikutajia mwenye cheti cha hisabati aliye karibu, utamlazimisha aingie darasani? Watu hawa hawakosi visingizio."

"Hakuna kisingizio!" Kihwele alinguruma. "Hata awe na cheo gani, Jumatatu atashika chaki. Naahidi mbele ya wazazi wote!"

Wazazi walipiga makofi. Chiku alitoa chaki mfukoni, akampa Kihwele kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mwalimu wetu. Jumatatu tunaanza na logarithimu."

Kihwele aliitazama ile chaki kama mtu aliyepewa nge.

"Nikifikiria vizuri," alisema polepole, "historia na hisabati ni ndugu wa tumbo moja. Endelea, Mwalimu Chiku."