Alichojifunza Kungumanga

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii wengi huitupa mlangoni kwa jirani, pale mtoto wa jirani anapovunja dirisha au kumjibu vibaya mtu mzima. Maana yake ni kwamba tabia ya mtu ni mavuno ya malezi aliyoyapata. Lakini watu husahau jambo moja. Mtoto halelewi kwa maneno tunayomwambia tukiwa tumekunja uso tu. Hulelewa pia kwa mambo tunayoyafanya bila kukumbuka kwamba anatutazama. Bingwa alikuja kulifahamu hilo akiwa na miaka thelathini na minne, juu ya mgongo wa farasi, mbele ya watu ambao angetoa chochote wasimwone siku ile.

Jina la Bingwa hakupewa na wazazi. Alipewa na watu wa kiwanjani kwa ajili ya vikombe tisa vilivyopangwa kabatini, katika ofisi ya mabanda ya farasi alikofanya kazi. Farasi waliompatia vikombe hivyo walikuwa wakubwa, wamekwisha kufundishwa na watu wengine. Ukiwagusa kwa goti wanajua kona, ukikaza mgongo wanajua kusimama. Kwa hiyo mwenye mabanda, daktari wa meno mstaafu ambaye wote walimwita Daktari, alipomkabidhi farasi mchanga wa miaka mitatu ambaye hajawahi kubeba mtu, Bingwa alicheka.

"Wiki sita," alisema. "Tena hizo nimezidisha."

"Ukimweza," Daktari akamjibu, "wewe ndiye mkufunzi mkuu hapa. Kuna shule ya watoto inatafuta farasi mtulivu. Mkuu wao atakuja kumwona."

Farasi huyo aliitwa Kungumanga kwa rangi yake ya kahawia iliyoiva. Alikuwa na macho ya udadisi na masikio yasiyotulia, likigeuka hili huku na lile kule, kana kwamba kila sauti pale bandani ilikuwa habari yake.

Wiki ya kwanza Kungumanga alimwangusha Bingwa mara nne. Wiki ya pili akaanza vita na pipa la buluu lililokuwa kwenye kona ya kiwanja. Akilifikia, hukita miguu ya mbele, kichwa juu, asogee mbele wala nini. Bingwa humpiga visigino, humvuta hatamu, humtukana kwa sauti ya chini, na mwishowe, jasho likimtiririka hadi machoni, humgeuza na kumrudisha walikotoka. Kesho yake yale yale. Siku nyingine farasi akianza kurusha miguu ya nyuma, Bingwa hushuka upesi kabla hajashushwa, kisha hujifanya anakaza mkanda wa tandiko. Wapandaji wengine walioegemea ua wa mbao hutazama viatu vyao ili asiwaone wakicheka. Aliwaona. Usiku alilala na vicheko vyao masikioni, na asubuhi alifika kiwanjani akiwa amekwisha kukasirika hata kabla ya kutandika.

Na katikati ya hayo yote kulikuwa na simu. Bingwa alikuwa mtu wa watu, na simu yake haikujua kunyamaza. Mlio wake ulikuwa ule ule iliotoka nao dukani, maana hakuwahi kupata nafasi ya kuubadilisha. Ikilia, hasa wakati farasi amemchosha, aliipokea kwa furaha ya mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Humwelekeza Kungumanga langoni, hushuka, humvua hatamu, humpigapiga shingoni na kusema, "Haya, kwa leo basi." Kisha huenda kuzungumza kivulini, ambako hakuna anayemwangusha.

Mtu mmoja aliyaona haya yote tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, aliyekuwa akipima chakula cha farasi na kuwasafisha kwato kwa miaka ishirini na mitano. Kila mtu alimwita Mama Shayiri. Bingwa peke yake alimwita mama mdogo, na hakuwa akitania: Mama Shayiri alikuwa mdogo wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili.

"Mwanangu," alimwambia asubuhi moja akiwa ameshika ndoo, "huyu hasikii maneno, anasikia matendo. Akikukatalia nawe ukashuka, ndiyo umemwambia amefanya vizuri."

"Mama mdogo, wewe shughulika na shayiri. Hatamu niachie mimi."

"Basi hata simu iache ofisini."

Bingwa alicheka kwa sauti ili wale walioegemea ua wasikie. "Sasa simu na farasi wapi na wapi?"

Mama Shayiri alimimina shayiri yake na kwenda banda linalofuata.

Wiki sita zikapita, zikawa kumi. Daktari akamwita Bingwa ofisini, akamketisha chini ya vikombe vyake mwenyewe, akamuuliza shida iko wapi. Bingwa alihisi maji yamemfika shingoni. Alitazama juu, akaviona vikombe tisa. Akatazama dirishani, akamwona Mama Shayiri akimpa Kungumanga kipande cha karoti. Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Anadekezwa," alisema. "Mimi namfundisha, mama mdogo anamharibu. Karoti mchana kutwa. Farasi gani atafundishika hivyo?"

"Una hakika?"

"Mia kwa mia."

Jioni ile Mama Shayiri alimwagiwa unga wake. Hakulia wala hakujitetea. Aliupachika ufunguo wa ghala la chakula kwenye msumari wake, akakunja aproni yake mara nne, akapita mbele ya Bingwa aliyekuwa akijishughulisha na hatamu isiyo na kasoro. Alisimama kidogo, kana kwamba anampa nafasi ya kusema neno. Bingwa aliinama zaidi. Aliusikia mlio wa kandambili zake ukiishia barabarani, na aibu iliyompanda siku ile haikufanana na ile ya kuangushwa. Ile ya kuangushwa ilikuwa usoni. Hii ilishuka mpaka tumboni, ikakaa.

Siku ya mkuu wa shule ya watoto ilifika. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, aliyefuatana na msaidizi wake, wakaketi kwenye benchi kando ya kiwanja pamoja na Daktari. Wapandaji wote walikuwepo. Bingwa alikuwa amejitayarisha: pipa la buluu alilihamisha tangu alfajiri, na simu yake, kwa sababu ambayo hakutaka kuifikiria sana, aliiacha ofisini.

Kungumanga alianza vizuri ajabu. Alitembea, akaongeza mwendo, akageuka kulia na kushoto bila ubishi. Mkuu wa shule alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bingwa alianza kukaa wima na kujiona tayari mkufunzi mkuu. Pale ndipo simu ilipolia.

Ilikuwa kwenye mkoba wa mkuu wa shule, na mlio wake ulikuwa ule ule iliotoka nao dukani, kama wa simu ya Bingwa.

Kungumanga alisimama papo hapo, masikio wima. Kisha akageuka kwa utulivu, akatembea moja kwa moja hadi langoni, akainamisha kichwa kungoja avuliwe hatamu. Bingwa alimpiga visigino. Alimvuta. Farasi alitingisha shingo tu, kwa subira ya mtu anayejua zamu yake imekwisha. Mmoja wa walioegemea ua alishindwa kujizuia, akacheka, na wenzake wakamfuata.

"Samahani," mkuu wa shule alisema, akaikata simu. Kisha akamtazama farasi kwa makini. "Hebu mwanzishe tena."

Bingwa alimrudisha katikati. Kungumanga alikwenda vizuri. Mkuu wa shule alimnong'oneza msaidizi wake, naye akampigia. Simu ikalia. Kungumanga akasimama, akageuka, akaenda langoni, akainama. Walirudia mara ya tatu. Mara ya tatu hakuna aliyecheka tena.

"Mlipoomba muda zaidi mliniandikia kwamba huyu ni mzito wa kuelewa," mkuu wa shule alisema. "Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Farasi mwepesi wa kujifunza kama huyu sijaona. Somo hili amelishika barabara. Swali langu ni moja: nani amemfundisha?"

Daktari alinyanyuka polepole.

"Bingwa, na haya nayo ni ya Mama Shayiri?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena laini. Angesema ndiyo, nani angebisha? Mwenyewe hakuwepo. Lakini kila mtu pale alijua Mama Shayiri hajawahi kumpanda farasi yule, na kwamba kisimu chake kidogo hukiacha nyumbani kwenye chaji. Na chini yake Kungumanga alikuwa bado ameinamisha kichwa, akingoja kwa uaminifu kitendo ambacho Bingwa alikuwa amemtendea kila siku kwa wiki kumi. Bingwa alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na tandiko lake.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi, Daktari. Karoti hazikuharibu kitu. Mama mdogo nilimsingizia."

Mkuu wa shule aliondoka bila farasi. Daktari hakupaza sauti, na Bingwa angeona afadhali angepaza. Alisema tu kwamba Mama Shayiri atarudi kazini kesho akikubali, kwamba mafunzo ya farasi wachanga yatakuwa chini yake, na kwamba Bingwa ndiye atakayempelekea habari hizo kwa mdomo wake mwenyewe.

Alasiri ile Bingwa alisimama mbele ya mlango aliokulia. Alibisha hodi kama mgeni. Ndani, Mama Shayiri alikuwa akishona kiraka kwenye mfuko wa nafaka wa zamani, labda kwa kukosa kazi ya mikono. Alimwonyesha kigoda cha miguu mitatu, kile kile cha zamani, chenye mguu mmoja ulioungwa kwa waya. Bingwa aliketi, magoti yakamfika kifuani, akaeleza yote bila kupunguza. Alipofika kwenye neno "nisamehe" alikuwa akitazama sakafu.

Mama Shayiri alishona mshono mmoja, kisha wa pili.

"Kutoka kazini hakukuniuma sana," alisema. "Kilichoniuma ni kwamba ulinisikia napita, ukainama."

"Najua, mama."

"Hujui. Subiri nikwambie." Aliweka sindano chini. "Unakikumbuka hicho kigoda? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukijikwaa hapo kila siku, unalia mpaka sauti inakauka. Mimi nakuinua, halafu nakichapa kigoda. 'Kigoda kibaya! Kimemuumiza mwanangu!' Nawe unanyamaza, unakichapa na wewe. Nilikuwa nafurahi ukinyamaza. Ulipoanguka kwa farasi wa kwanza, nikasema farasi mjinga. Ulipofeli mtihani, nikasema mwalimu ana chuki. Kila ulipoanguka nilikutafutia kigoda."

Bingwa alinyanyua uso. Mama yake mdogo alikuwa ameona haya kama yeye, na hakuwahi kumwona hivyo maishani.

"Nilikuwa nasimama pale na ndoo yangu," aliendelea, "nakutazama na Kungumanga, nasema moyoni: huyu anamfundisha mwenzake bila kujua anamfundisha nini. Kumbe na mimi nilikuwa yule yule. Ilipofika zamu yangu ya kuwa kigoda, nani wa kulaumiwa?"

"Mimi, mama. Nina miaka thelathini na minne."

"Wote wawili," alisema Mama Shayiri, akaiokota sindano. "Kesho saa kumi na mbili. Na simu uje nayo."

Kesho yake, kazi ilianza upya. Pipa la buluu lilirudishwa kwenye kona yake. Mama Shayiri alisimama katikati ya kiwanja na kisimu chake kidogo, ambacho siku hiyo alikuja nacho, na kila baada ya mizunguko michache alimpigia Bingwa mfukoni. Kungumanga alisimama. Bingwa hakushuka. Farasi alimgeukia kwa mshangao, kama mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jibu alilopigiwa vema jana leo si sahihi. Akangoja. Bingwa naye akangoja, hatamu mkononi, akamwomba hatua moja tu, na alipoipata alimsifu. Wapandaji wote walikuwa wameegemea ua wakitazama, na Bingwa aliwaacha watazame.

Mara ya saba simu ilipolia, Kungumanga alichoka na mchezo ule. Alirusha miguu ya nyuma kwa nguvu, na mwenye vikombe tisa akaenda chini kifudifudi, mdomo ukajaa mchanga.

Mama Shayiri alimfikia, lakini hakumwinua. Alisimama tu, mikono kiunoni, akiwa anajizuia kwa shida.

"Nani kakuangusha?" aliuliza.

Bingwa alitema mchanga. Alimtazama farasi, akalitazama pipa, akawatazama wale walioegemea ua. Uso ulimwaka moto.

"Nimeanguka mwenyewe, mama."

Akajinyanyua, akajipangusa magoti, akaenda kuishika hatamu, na Kungumanga akageuza masikio yote mawili kumsikiliza. Mama Shayiri alijifuta macho kwa pindo la aproni yake, maana alijua jibu lile lilikuwa limechelewa miaka thelathini na miwili, na kwamba aliyelichelewesha alikuwa yeye. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.