Udi Uliokataa Amri ya Sultani

Mwenye ufalme wa kweli ni Mungu peke yake, lakini Sultani Ghalibu bin Sarhani, mtawala wa mji wa Zumurudi, alikuwa amelisahau hilo, na kiburi chake kilipita minara yake. Alipiga mbiu kwamba udi ni wa watu wa jumba lake tu, na raia atakayenukia udi shingo yake ni halali ya upanga. Basi Mwanasiti, mjane asiyejua kunyamaza, akasema binti yake Rukia haolewi na nguo zisizofukizwa, labda yeye mamaye awe maiti. Akaweka chetezo chini ya tenga, akatandaza nguo za arusi juu yake, akafukiza mchana kweupe, na harufu ikatoka dirishani ikaenda zake mpaka puani mwa Sultani.

Akaletwa barazani.

"Umeasi, ewe mwanamke," akasema Sultani. "Omba radhi nikusamehe, na nguo hizo zichomwe."

"Maulana, nguo za mwanangu hazichomwi, na radhi siombi. Ukiweza, ikataze harufu yenyewe. Haikuisikia mbiu yako."

Mawaziri wakatazama miguu yao. Sultani akaisugua pete yake, na jini Shamardali akatokea, kichwa kimegusa dari, akasema, "Labeka, bwana wangu."

"Ikamate harufu yote mjini."

"Harufu, bwana wangu, ni chembe ndogo zisizoonekana, na kila moja yakimbia njia yake, zikigongana na kutawanyika mpaka zijaze kila pembe. Mkono hauzishiki. Baridi ndiyo itakayozipunguza mbio."

"Basi lete baridi."

Jini akapuliza, na chembe zikapungukiwa na mbio, zikakaribiana, zikawa matone ya mafuta ukutani, zikiteleza na kupishana bila kuachana. Akapuliza tena, zikashikana safu kwa safu, zikaganda. Lakini baridi haichagui. Mafuta ya nazi yaliganda chupani, visima vikawa vigumu kama jiwe, na sharubati ya Sultani ikagoma kumiminika.

"Zimetii," akasema Sultani, meno yakimgongana.

"Hazijatii, bwana wangu," akajibu jini, ambaye hakujaliwa kusema uongo. "Kila moja imezuiwa mahali pake, lakini papo hapo yatetemeka, wala haikomi."

Mwanasiti naye alikuwa akitetemeka kwa baridi na kwa hasira, midomo imempasuka, na aliposikia hayo moyo ukamjaa furaha. "Kumbe tuko wengi," akasema.

Sultani akamwita mkata vichwa, naye akajibu kwamba upanga umegandia alani. Nje raia walikwisha kujaa na ndoo tupu, wakidai maji, na askari hawakuwafukuza kwa kuwa nao walikuwa na kiu.

"Yeyusha," akasema Sultani, kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

Joto likarudi. Visima vikalegea, na chembe za udi zikaachiana, zikatiririka, kisha zikapaa na kutapakaa mji mzima, zikaingia vyumbani na sokoni na katika nguo za kila aliyesimama pale.

Mwanasiti akainua shingo yake. "Maulana, sheria yako ingali hai, na hakuna raia asiyenukia udi. Unaanza na shingo ya nani?"

Sultani akautazama umati, na umati ukamtazama. Mbiu ikafutwa palepale, ghala la udi likafunguliwa, na ufunguo akakabidhiwa Mwanasiti, akawa tajiri. Rukia akaolewa Ijumaa hiyo, akinukia udi katika vichochoro vyote alivyopita.

Hekaya imekoma, na funzo lake ndilo hili: mfalme aweza kumzuia mja asitoke mahali pake, ila kumtuliza asitetemeke kwa hasira, hilo hakupewa mfalme yeyote.