Ngiri Alivyouza Mlango Akabakiza Tundu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kilimani pana mlango.

— Nani kabisha?

Kabisha mwenye shida.

— Nani kafungua?

Kafungua mwenye tamaa.

— Tufungulie na sisi!

Haya, futeni miguu muingie. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, tafuna polepole, ngano hii ina mambo ya sheria.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiuziana nyumba, palikuwa na Mama Nguchiro. Nguchiro mnamjua? Kijinyama chembamba, pua imetangulia, mkia unafuata, hakitulii. Basi huyu alikuwa mja mzito na nyumba hakuwa nayo. Masika yaliyopita alizalia bondeni. Mvua ikanyesha, maji yakaingia shimoni, yakamchukulia wanawe wote. Tangu hapo akisikia ngurumo, hata ya mbali, hukimbilia mwinuko wowote ulio karibu. Na sasa mawingu yalikuwa yanakusanyika tena, na tumbo limeshuka. Akasema, "Safari hii nazalia juu, hata kama ni kuuza roho."

Roho hakuiuza. Alikuwa na yai la mbuni, zima, kubwa kumshinda mwenyewe. Mbuni alimpa kwa kumwulia nyoka kiotoni, na ndilo lilikuwa mali yake yote. Akalisukuma, biri-biri-biri, mpaka kilimani kwa Bwana Ngiri.

Bwana Ngiri alikuwa na shingo nene, meno yamechomoza nje, na tumbo lisilojua kushiba. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kichuguu, juu kabisa. Mama Nguchiro akachungulia. Loo! Pakavu! Kuta ngumu, udongo mwekundu, na kule ndani chumba cha duara kana kwamba kimefinyangwa na mfinyanzi. Machozi yakamlengalenga.

"Nakuuzia nyumba na mlango wake," akasema Ngiri. "Lete yai."

"Nitafute wakili kwanza, baba."

"Utahangaika bure na mimba hiyo. Ninaye wangu, atakuwa na wako pia. Kasuku!"

Puruu! Kasuku akatua. "Mimi hapa! Wakili wa muuzaji, wakili wa mnunuzi, wakili wa wote!"

"Nyumba ni safi," akasema Ngiri.

"Safi! Safi!"

"Mlango ni mmoja."

"Mmoja! Mmoja!"

"Yai liliwe leo."

"Leo! Leo!"

Mama Nguchiro akamtazama huyu, akamtazama yule. Moyoni akajisemea, wakili gani huyu asiyekuwa na swali hata moja? Akalikumbatia yai lake, akateremka nalo, biri-biri-biri.

Chini ya kilima, kichakani, alikuwepo Kinyonga. Alikuwa ameinua mguu, na mguu uko hewani.

"Hodi, wakili."

Mguu bado uko hewani. Mwishowe ukashuka. "Karibu, mama."

Jicho moja likamgeukia Mama Nguchiro. Jicho la pili likaenda kwenye yai, likapanda kilimani, likarudi. La kwanza halikujitingisha. Mama Nguchiro akaduwaa. Maisha yake yote hajawahi kuona kiumbe anayetazama pande mbili kwa mara moja.

"Nyumba ina milango mingapi?" akauliza Kinyonga.

"Ameniambia mmoja."

"Umezunguka nyuma?"

"La, wakili."

"Majirani umewauliza?"

"Hao nao, la."

"Aliyewahi kuinunua kabla yako, yuko wapi?"

Mama Nguchiro manyoya yakamsimama. Maswali yote hayo, na yeye alibakiza kidogo tu alitoe yai! Akasema kwa sauti ndogo, "Na malipo yako, wakili?"

"Nzi watakaotua juu ya yai. Maana yai nitalilinda mimi. Muuzaji hataligusa mpaka nyumba iwe yako."

Basi wakapanda. Mama Nguchiro anasukuma yai, biri-biri-biri, Kinyonga anafuata. Hatua moja, akapepesuka. Hatua ya pili, akafikiri. Hatua moja, akapepesuka. Hatua ya pili, akafikiri. Mbinguni kukanguruma, gurrr!

"Wakili, mvua!"

"Naisikia, mama." Akapepesuka.

Mama Nguchiro alitamani amng'ate mgongoni ambebe mzimamzima. Akavumilia, ila alivumilia kwa kusaga meno.

Kinyonga hakwenda kwa Ngiri. Alikwenda kwanza kwa jirani, Bi Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima.

"Nyumba ile?" akasema Bi Kakakuona. "Mimi niliwahi kuinunua, mwanangu. Wakili wangu alikuwa Kasuku. Nimejilalia zangu, Ngiri huyo, kaingia kwa tundu la nyuma! Nikajikunja. Kanisukuma, gudu-gudu-gudu, mpaka mlangoni, puu, nje! Nikalalamika. Unajua aliniambia nini? 'Nilikuuzia mlango, bibi. Tundu sikukuuzia.'"

"Alikuwa ameiaga nyumba?" akauliza Kinyonga.

"Hakuiaga, baba. Na mimi sikujua nidai."

Hapo nisimame kidogo niwaeleze. Mila ya kilimani kule, muuzaji ni lazima aiage nyumba. Huingia kwa nyuma, hupita vyumba vyote, kisha hutokea mlango wa mbele kinyumenyume, uso wake ukiitazama nyumba kwa mara ya mwisho. Majirani wakisema "Katoka!" basi katoka, harudi tena. Asiyeaga hajauza.

Wakafika kwa Ngiri, majirani nao wakaja kushuhudia. Kinyonga akapanda juu ya yai, akajibadilisha, akawa mweupe kama yai lenyewe. Watu wakashika midomo.

"Bwana Ngiri," akasema, "tafadhali iage nyumba."

"Nitaiaga kesho. Leo mgongo unauma."

"Unauma! Unauma!" akasema Kasuku.

Kinyonga hakubishana. Jicho moja likabaki kwa Ngiri, la pili likazunguka taratibu kuelekea nyuma ya kichuguu. Mama Nguchiro akaliona jicho hilo, naye akageukia huko huko.

"Haya. Na lile tundu la nyuma ni la nani?"

Ngiri akacheka, ng'wii-ng'wii. "Langu! Nauza nyumba na mlango. Tundu nabaki nalo."

"Nalo! Nalo!"

"Sawa," akasema Kinyonga.

"Sawa?" Mama Nguchiro akaruka. "Wakili, sawa vipi? Nimekuja kuzaa hapa! Wanangu watatolewa nje kwenye mvua!"

"Tulia, mama. Tundu ni lake, amesema mbele ya watu. Sisi tunataka mpaka tu. Bwana Ngiri, tundu lako linaishia wapi, nyumba ya mama inaanzia wapi?"

Ngiri akakuna shavu. Hilo hakuwahi kuulizwa.

"Basi tupime," akasema Kinyonga. "Ingia tunduni mwako kama unavyoingia siku zote. Pale makalio yako yatakapofika, hapo ndipo mpaka. Yakiishia karibu, kipande chako kidogo. Yakifika mbali, kipande chako kikubwa."

Jamani, macho ya Ngiri yaling'aa! Na ngiri, kama hamjui, haingii nyumbani kama mimi na wewe. Huingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, meno yakibaki nyuma kumngoja adui. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Akazunguka nyuma, akageuka, akajipenyeza, gu-gu-gu.

Kinyonga, palepale juu ya yai, akaita kupitia mlango wa mbele, "Mpaka uwe hapo?"

"Bado! Ghala ni langu!" Gu-gu-gu.

"Hapo?"

"Bado! Chumba cha duara ni changu!" Gu-gu-gu.

"Hapo basi, bwana, muachie mama hata ukumbi!"

"Ukumbi nao ni wangu! Bado! Ba—"

Pwaa! Mlango wa mbele ukatoa mkia, umesimama wima. Ukafuatwa na makalio. Yakafuata mabega. Mwisho kikatoka kichwa chenye vumbi, kinaitazama nyumba.

Majirani wakasogea waone vizuri.

"Katoka!" akapiga kelele Bi Kakakuona, kwa sauti aliyokuwa ameitunza tangu masika yaliyopita.

Na Kasuku, maskini, ulimi wake haujui kukaa kimya. "Katoka! Katoka! Katoka!"

"Nilikuwa napima!" Ngiri akafoka.

"Umeingia kwa nyuma," akasema Kinyonga. "Umepita vyumba vyote. Umetoka mbele kinyumenyume, uso kwa nyumba. Majirani wameona, na wakili wako mwenyewe ametamka. Tundu, ukumbi, mlango, vyote umeviaga." Kisha akateremka kutoka juu ya yai, hatua moja, akapepesuka, hatua ya pili, akafikiri. "Yai lako hilo. Tulikubaliana."

Ngiri alilila pale pale kwa hasira, na ganda akaondoka nalo kichwani, maana matone ya kwanza yalikuwa yanadondoka.

Mama Nguchiro akaingia. Akagusa ukuta. Akazunguka chumba cha duara, akazunguka tena. Mbinguni kukapasuka, gurrr-tah! Mvua ikamwagika kama ndoo. Akasikia maji yanateremka kilimani, shwaaa, yanapita pembeni, yanakwenda zao bondeni. Ndani, hata tone. Alilia kwa sauti. Akalala chini, akazaa, na watoto wakanyonya wakiwa wakavu.

"Wakili!" akaita. "Usinyeshewe huko, njoo ndani!"

"Naja, mama," akajibu Kinyonga, akainua mguu.

Alipofika chumbani, watoto walikuwa wameshafumbua macho. Wote wakamtazama, nao midomo wazi, jinsi alivyokuwa akiwaangalia wawili wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Na funzo lake? Mkitaka kununua nyumba, msijisumbue na wakili wa maswali, anachelewesha. Chukueni wa muuzaji, yuko karibu na ana sauti nzuri. Nyuma ya nyumba msizunguke, ni ushamba. Na yai litoeni mapema, lisije likaoza. Mkishatolewa nje, njooni mnisimulie, maana ngano zinaniishia.

Yangu imefika ukutani. Mliyoona tamu, bebeni mkale kwenu. Mliyoona chungu, niachieni nitafune mwenyewe.