Kanga na Kibarua cha Kenge

— Wa jikoni, mpo?
— Tupo!
— Na wa kusinzia?
— Tumeamka!
— Basi, paukwa!
— Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipeana vibarua kama sisi, palikuwa na Kanga. Alikuwa akiatamia mayai saba chini ya kichaka, na kipupwe cha mwaka huo kilikuwa kikali. Yai likipoa, kifaranga hufa. Kanga alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba vifaranga wakitoka watataka kula, na nyumbani hakuna hata punje. Afanyeje? Akaamua kutafuta vibarua vya pembeni. Msicheke, nanyi mnavyo.

Akaja Nungunungu.

"Hodi, Bi Kanga! Mchwa wameniziba mlango. Njoo uwaparue, nitakupa kibaba cha mtama."

"Ni mbali?"

"Hapo tu, nyuma ya kichaka."

Kanga akaenda, akaparua, akala na mchwa wenyewe, akapewa mtama wake, akarudi. Akayagusa mayai kwa kifua: yana joto. Akaimba:

"Wanangu, mpo ndani?"

Ko, ko, ko! Wakagonga wote saba.

Akaja Mbogo.

"Bi Kanga, kupe wananimaliza. Nidonoe kidogo tu."

"Na malipo?"

"Tutaelewana. Kwani mimi mgeni kwako?"

Hiyo "kidogo tu" ya Mbogo, jamani! Anadonolewa huku anatembea. Mara shingoni, mara mgongoni, mara mkiani. Walipofika mtoni Kanga yuko hoi, na malipo yenyewe ni: "Mungu akuzidishie, na kesho uje." Watu wa namna hiyo siwapendi, nasema wazi.

Kanga akarudi mbio. Akayagusa mayai: vuguvugu, yanaelekea baridi. Moyo ukampasuka.

"Wanangu, mpo ndani?"

Kimya.

Akatandaza mbawa, akajibana. "Wanangu, mpo ndani?"

Kimya.

Mara ya tatu akaimba kwa kilio. "Wanangu, mpo ndani?"

Ko... ko... ko. Kwa mbali sana. Kanga akaapa hatoki tena.

Kesho yake asubuhi akaja Kenge, na kikapu kimejaa mtama hadi kinamwagika.

"Hiki chukua kabisa, Bi Kanga. Viwili vingine utapata jioni. Nenda ng'ambo ya kilima ukanifagilie mwamba wangu vumbi."

"Niende lini?"

"Sasa hivi."

"Nirudi lini?"

"Jua likizama, si kabla."

"Na mwamba ukishatakata, utaufanyia nini?"

Kenge akameza mate. "Utakuwa... umetakata."

Kwale, jirani yake Kanga, akadakia: "Shoga, vikapu vitatu! Kama hutaki, nakwenda mimi."

"Wewe sikutaki!" Kenge akafoka. "Namtaka yeye."

Kanga akatazama mtama. Kiapo kikamtoka. Akaondoka.

Akapanda kilima, anawaza. Kufagia vumbi, nani asiyeweza? Mbona Kwale amekataliwa? Na mwamba ukitakata, Kenge hapati kitu. Sasa vikapu vitatu analipia nini?

Akasimama. Kisha akageuka, akakimbia, akaruka, akakimbia tena, anapiga kelele bonde zima.

Alimkuta Kenge kaingiza kichwa kiotoni, yai moja mdomoni, linapasuka. Kanga akamrukia macho. Akamparua la kulia, akamparua la kushoto. Kwale naye akaja, akamdonoa mkia. Kenge akatimka, lakini yai lile alikwenda nalo tumboni.

Kanga akakaa juu ya mayai sita. Hakuimba. Aliogopa kusikia sauti iliyopungua.

Siku ya tatu wakatoka vifaranga sita, midomo wazi, wanalia njaa. Kikapu cha Kenge kilikuwa bado hapo. Kanga alikitazama, kisha akakipindua mbele yao.

"Kuleni," akasema. "Ndugu yenu ameshalipa."

Kwa hiyo, jamani, ukiitiwa kibarua usiulize malipo peke yake. Uliza kinakutoa wapi, na nani anafaidi ukiondoka. Wapo wasiotaka kazi yako, wanataka usiwepo.

Ngano yangu imefika mwisho wa kamba. Utamu wake chukueni, uongo wake niachieni. Mimi nakwenda kulala. Kazi hiyo hailipwi, lakini naiweza.