Fimbo za Sultani Shahali

Palikuwa na Sultani mmoja, Shahali jina lake, aliyependa mchezo wa gofu kuliko chakula. Alifyeka mashamba yote nyuma ya jumba lake, akapanda nyasi fupi, laini kama zulia, na mwisho kabisa akachimba shimo. Shimo moja tu, maana hakuwahi kulimaliza hilo la kwanza jua likabaki la kuendea la pili.

Kiwanja kile kilikuwa na adabu zake. Mtu akipiga mpira, wengine kimya. Hata majogoo wa jirani walifungwa midomo kwa vitambaa. Ukikanyaga mchanga, uusawazishe kwa reki. Ukibandua nyasi, uzirudishe mahali pake, uzishindilie taratibu kwa mguu, uziambie pole. Wanachama wote wa kiwanja walifuata, isipokuwa Sultani. Alipopita yeye pangefaa kupandwa muhogo.

Kila pigo la mpira waliliita fimbo, na mwenye fimbo chache ndiye bingwa. Basi Sultani akatoa amri: nyasi zikimpotezea fimbo moja, mtunza nyasi achapwe fimbo moja. Zikimpotezea kumi, achapwe kumi.

Mtunza nyasi alikuwa Mize, mama wa Siti. Siti alikuwa na miezi saba, na kutwa nzima alikuwa mgongoni. Mize akate nyasi, amwagilie, afukie mashimo ya Sultani, mtoto analala hukohuko. Kwa hiyo amri ile ilipotangazwa, Mize hakuwaza maumivu. Aliwaza: mgongo huu ukichanika, mwanangu atalala wapi?

Sasa, wenzangu, asubuhi ya kugombea kikombe, Mize akamkuta kwale anaatamia mayai katikati ya kiwanja. Kwale akamtazama Mize. Mize akamtazama kwale. Mama na mama, wakaelewana. Mize akakata nyasi zote, akaacha kichaka kimoja, upana wa sinia.

Na katika kiwanja chote kile, mpira wa Sultani haukuona pa kuingia ila hapo.

Sultani akapiga. Udongo ukaruka, mpira haukutikisika.

"Hiyo ya kupasha mkono," akamwambia karani wake. Karani hakuandika.

Akapiga tena. "Hiyo upepo."

Akapiga tena. "Hiyo kuna mtu kapumua."

Msihofu mayai. Fimbo zote zile hazikugusa hata unyoya wa kwale. Shabaha ya Sultani ndiyo hiyo. Mize akahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini na saba, ndipo mpira ukatoka kwa kuchoka, ukabiringika hadi ukingoni mwa shimo. Sultani akausukuma ndani.

"Andika nne," akasema.

Karani akaandika nne. Wanachama wakapiga makofi kwa ncha za vidole, kwa adabu. Sultani bingwa! Akapokea kikombe kwa mkono mmoja, wa pili akamnyooshea Mize.

"Wewe! Nani kaacha kichaka hiki?"

"Mimi, Bwana. Kuna kwale anaatamia."

"Kiwanja changu kimekuwa wodi ya wazazi?"

"Hana pengine, Bwana. Kila penye nyasi ndefu umepafyeka."

"Askari! Mchape!"

Askari akaja na fimbo. Alikuwa jitu la mtu, lakini moyo wake maziwa. "Nipe mtoto kwanza, dada," akanong'ona. Akampokea Siti, akaanza kumbembeleza, fimbo kaibana kwapani. "Ngapi, Bwana?"

"Thelathini na saba!"

Mize akainamisha kichwa. "Amri ni amri. Ila nieleweshe mimi mjinga, Bwana. Hizo thelathini na saba ulizipiga wapi?"

"Humo kichakani mwako!"

"Na kadi ya karani inasema ngapi?"

Sultani akakohoa. "Nne."

"Ala! Thelathini na saba zimeeneaje ndani ya nne? Au kikombe ni cha Waziri, aliyepata sita?"

Waziri akanyoosha shingo. Sultani akakikumbatia kikombe kama mtu aliyeona mwizi.

"Nani kasema thelathini na saba? Nimesema nne! Achapwe nne!"

"Nne zote ulizipigia kichakani?"

"Zote!"

"Kwa hiyo mpira ulitoka kule mwanzo ukaja hapa kwa miguu yake?"

"Niliupiga mimi! Fimbo moja, ukaruka kama mwewe!"

"Hongera, Bwana. Na shimoni ukaingia wenyewe, kwa adabu zake?"

"Niliuingiza mimi! Kwa mkono huu!"

"Hiyo ya pili. Basi za kichakani zimebaki mbili."

Wanachama walikuwa wanajiuma mikono, maana kucheka kiwanjani ni kosa. Mmoja aliinama akajifanya anaziambia nyasi pole, na mabega yanamtetemeka.

"Haya, mbili!" Sultani akafoka. "Mbili, na kamili! Askari, weka mtoto chini!"

"Ndiyo kwanza kasinzia, Bwana," askari akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mchape kwa mkono mmoja! Karani, njoo hapa uhesabu!"

Karani akasogea na kalamu yake. Mize akakaza kanga kiunoni, akageuza mgongo.

"Niko tayari, Bwana," akasema. "Ila naomba ahesabu mtu mwingine. Akihesabu huyu wako, mpaka jua litue tutakuwa hatujafika moja."