Sakafu Iliyobarikiwa Ikiwa Kavu

Mama yako anaoga wapi?

Nauliza tena, maana naona watu wanatazama dari. Mama yako anaoga wapi? Sikuuliza anasali wapi. Hilo mnalijua, mngenijibu kwa sauti nne na kinanda. Sikuuliza anakula nini, kwa sababu mchele mnatuma, na picha ya mchele mnaiweka kwenye kundi la familia. Nauliza kile chumba kidogo chenye ndoo na sabuni, anamoingia peke yake, hana kiatu, hana miwani, hana wa kumshika mkono. Chini pakoje? Umewahi kupakanyaga pakiwa pamelowa?

Kimya. Vizuri. Leo nimekuja na moto, na ukimya wenu ndio kuni zake.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, huko milimani kwenye migomba. Msiniulize ni usharika gani, nawajua, mtaanza kupiga simu. Mama huyu alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa, shamba lake, na kaburi la mumewe kando ya nyumba, alilolifagia kila asubuhi kabla hajagusa chai. Alikuwa anaogea nje, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya zizi. Sakafu ya kibanda ilikuwa saruji tupu, iliyopigwa ufagio ikiwa mbichi, inakwaruza nyayo kama ulimi wa ng'ombe. Haikuwa kitu cha kuonyesha mgeni. Lakini mama alioga humo tangu alipoletwa pale akiwa bi harusi, na hakuwahi kuanguka.

Watoto wake wako mjini. Mnawajua watoto wa aina hii, wengine mmekaa nao benchi moja. Desemba wanapanda wote mlimani na magari, na kila Desemba lazima kiwepo kitu kipya cha kuonyesha. Mwaka mmoja geti, mwaka mwingine tangi la maji. Mwaka huo wakasema mama amezeeka, asiwe anatoka na mvua kwenda kuoga nje, tumjengee bafu la ndani. Wazo zuri. Naomba mlishike hilo: wazo lilikuwa zuri na upendo ulikuwa wa kweli. Sihubiri habari za watoto wabaya. Wangekuwa wabaya tungeshamalizana nao, tukaenda kunywa chai.

Kazi ya kuchagua vigae vya sakafu akapewa binti wa kwanza. Msomi, mtu wa ofisi, na jicho la kuchagua vitu analo. Akaenda dukani. Muuzaji akampangia chini aina mbili. Vya kwanza vyeupe, vikubwa, vinang'aa, ukiinama unajiona mpaka hereni. Vya pili rangi ya udongo, vidogo vidogo, vina chembechembe, ukivipapasa vinakushika kidole. Muuzaji akauliza ni vya wapi. Binti akasema ni vya bafuni, kwa mama. Basi muuzaji akachota maji, akavimwagia vyote, akatia na sabuni, akasema, "Vua kiatu, dada. Kanyaga mwenyewe."

Alivua? Alikanyaga? Tulieni, tutafika. Kwa sasa jueni tu kwamba alitoka dukani na vile vyeupe.

Desemba ikafika, nyumba ikabarikiwa. Si mnajua tunavyobariki nyumba? Mchungaji mbele, kwaya nyuma, wageni wanafuata chumba kwa chumba, sala sebuleni, sala jikoni, na safari hii sala bafuni, kwa sababu bafu ndilo lililowaleta nusu ya wageni. Watu wakabanana mlangoni na viatu vyao vya sikukuu. Shangazi mtu akachungulia, akasema hapa unaweza kula ugali chini bila sahani. Wakacheka, wakapiga picha. Binti wa kwanza amesimama pembeni, mikono kaikunja, anang'aa kuliko sakafu.

Sasa niambieni. Katika umati ule wote, pamoja na mchungaji, nani alifungua bomba?

Hakuna. Sakafu ile ilisifiwa ikiwa kavu, ikapigwa picha ikiwa kavu, ikabarikiwa ikiwa kavu. Halafu watu wakashuka mjini na magari yao, wakamwachia mama bafu, na maji.

Siku ya kwanza aliyoingia kuoga, mguu ulimkimbia, akadaka dirisha. Angerudi kwenye kibanda chake cha mabati, ila kibanda wanawe walishakibomoa, wakapanda maua mahali pake ili picha itoke vizuri. Basi mama akajitafutia njia. Alichukua gunia la pumba za ng'ombe, akalitandika juu ya vigae, akawa anaoga amekaa kwenye beseni. Mgeni akibisha hodi, gunia linakunjwa haraka na kusukumwa nyuma ya mlango, kama mtu anayeficha pombe.

Kila wiki binti yake alipiga simu. "Bafu linaendeleaje, mama?"

"Linang'aa, mwanangu."

Hakudanganya, mnaona? Si linang'aa kweli?

Mtaniuliza kwa nini hakusema. Mnauliza kana kwamba hamjalelewa na mama kama huyu. Angeanzia wapi? Mtoto amejinyima, amejenga, mchungaji ameomba, shangazi amesifu, halafu yeye aanze kulalamikia sakafu? Wangesema amezeeka vibaya. Wazee wetu, wapendwa, wako radhi wavunjike kuliko waonekane hawana shukrani.

Na akavunjika. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili ya Matawi. Wanawake wa jumuiya walikuwa wapite kwake baada ya ibada, na mama hakutaka wakute gunia la pumba juu ya vigae vya binti yake. Akalitoa mapema, akalianika zizini, akaoga bila gunia. Jirani aliyekuja ili waongozane kanisani alimkuta chini, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Jirani akamuuliza, umeteleza? Na mama, akiwa bado palepale chini, povu limemjaa masikioni, akajibu, "Hapana. Ni kizunguzungu tu."

Kizunguzungu. Akamlinda mwanawe hata akiwa amelala sakafuni kwa mwanawe. Neno hilo likatoka bafuni, likafika hospitali, likapanda kwenye simu, likafika mjini, na huko likaanza kufanya kazi ambayo mama hakulituma.

Watoto wakapanda mlimani, safari hii bila kreti za soda. Wakamkuta mama amekaa sebuleni, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Hospitali walimpima presha, wakaikuta nzuri kuliko ya wanawe. Nani alisikiliza? Wakaitisha kikao cha familia. Kikiongozwa na nani? Na mdogo wake yule binti, kwa sababu ndiye wa kiume. Haya, tuyaache hayo, nayo ni mahubiri ya siku nyingine.

Kikao kikaamua hivi. Mama ana kizunguzungu, kwa hiyo hawezi tena kukaa peke yake. Atahamia mjini kwa kijana wake, ghorofa ya tatu. Ng'ombe atauzwa. Nyumba itapigwa kufuli mpaka Desemba. Yote yalisemwa kwa upendo, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga mazishi ya mtu ambaye amekaa hapohapo anawasikiliza. Kitinda mimba akajaribu kuuliza, jamani, si ile sakafu kweli? Kaka yake akamkatisha. "Sakafu ina nini? Si dada anaoga humo tangu juzi?"

Ni kweli, dada alioga humo tangu juzi. Lakini niwaambie alivyooga. Alioga na kandambili za mpira miguuni, mkono mmoja wa sabuni, na mkono wa pili umeng'ang'ania dirisha kama mtu aliye juu ya lori. Sasa mtu ambaye hajui lolote kuhusu sakafu, anaoga vile?

Mama hakubishana na kikao. Aliuliza swali moja tu.

"Na baba yenu, nani atamfagilia?"

Yule wa kiume akasema watatafuta mtu. Mama akatikisa kichwa taratibu kukubali, maana mtu wa umri wake akibishana huitwa mkaidi. Kisha akainua macho akamtazama binti yake wa kwanza. Hakumtazama kwa lawama. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama alipokuwa mtoto kavunja chungu: usiogope, sitamwambia mtu.

Tusimame hapo. Mwacheni yule binti kwenye kiti chake na macho ya mama yake, nataka kuzungumza na sisi tuliokuja na viatu vizuri.

Sisi tunapenda kubariki vitu vikiwa vikavu. Ndoa tunaiombea siku ya keki. Mtumishi tunamsifu siku ya kumsimika. Zawadi ya mzazi tunaipima kwa macho ya wanaoipiga picha, na yeye tunamwachia kazi ya kuivumilia. Halafu akianguka tunasema ni uzee. Uzee gani? Mama huyu alikuwa anakamua ng'ombe, anapalilia migomba kwenye mteremko ambao wewe na mimi tungeushuka kwa makalio. Mteremko haukumwangusha. Aliangushwa na zawadi.

Ile amri ya kuwaheshimu wazazi tuliikariri wote wakati wa kipaimara, na tangu hapo tunadhani inakaa kanisani. Mimi nawaambia inakaa bafuni. Haing'ai. Inakwaruza nyayo. Ina chuma cha kushikilia kilichofungwa ukutani kikaweza kubeba mtu mzima, na usinionyeshe kile cha kutundikia taulo, kile kitang'oka naye. Maji yake yanakwenda kwenye tundu lake, hayatuami. Ukienda kwenu usimuulize mama kama bafu ni zuri, kwa sababu jibu lake tumeshalisikia. Vua viatu vyako. Mwaga maji, tia sabuni, kanyaga. Wewe mwenye magoti mazima ukiteleza, yeye atafanyaje?

Na je, mnajua kinachonifanya leo nishindwe kutulia nyuma ya mimbari hii? Ni kwamba muda bado upo. Ng'ombe bado yuko zizini. Kaburi lilifagiliwa asubuhi ile, kwa mkono mmoja. Kufuli halijanunuliwa. Vigae vinabanduka, wapendwa, fundi anakuja na nyundo na patasi, anavitoa, anaweka vingine, watu wanaoga. Hii ni habari njema na mnapaswa kuwa mmeshasimama. Mama anaweza kubaki kwake. Kinachogoma kubanduka pale sebuleni ni ulimi wa mtu mmoja, na mtu huyo anajua, na anajua kwamba mama yake anajua.

Na sisi je? Wangapi tumekaa kwenye vikao, tukakubaliana kwa sauti ya chini kwamba tatizo ni mzee, na kila mmoja wetu anaijua sakafu aliyoitandika? Tunamhamisha mtu kutoka kwenye maisha yake ili sisi tusihame kutoka kwenye sifa zetu. Mtu anapoteza nyumba yake, ng'ombe wake, kaburi la mumewe, kwa sababu hatutaki kusema sentensi moja yenye "mimi" ndani yake.

Haya, turudi sebuleni. Yule wa kiume ameshatoa simu, anamtafuta mnunuzi wa ng'ombe, namba inaita. Binti wa kwanza akasimama. Alikuwa amevua viatu, sijui ni saa ngapi alivivua. Akatembea hadi kwa mama yake, akapiga magoti mbele ya ule mkono wenye plasta, na akazungumza kwa sauti ambayo hata aliyekuwa jikoni aliisikia.

"Mdogo wangu, weka simu chini. Mama hana kizunguzungu, na hajawahi kuwa nacho. Dukani nilivua kiatu. Nikakanyaga vile vya udongo, nikasimama. Nikakanyaga hivi vyeupe, nikateleza, yule muuzaji ndiye aliyenidaka nisianguke. Nikawafikiria wageni. Nikavaa kiatu changu, nikamwambia, nifungie hivi hivi."